Sanduku Lisilopumua

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natanguliza salamu kabla hujauliza nimelelewa na nani. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, na mwenye nyumba hatimaye ametengeneza bomba, kwa hiyo ndoo iliyokuwa ikikinga maji imerudi kuwa kiti cha wageni. Mama alinipigia Jumapili. Goti lake bado linamsumbua. Akasema pia kwamba wewe uliteleza karakana mwezi wa kumi na moja ukaumia kidogo. Pole sana. Hakueleza zaidi ya hapo.

Nimekupigia mara nne. Anapokea mkazamjomba: leo umelala, kesho umetoka, keshokutwa simu yako imeharibika. Nikaona niandike, kama wewe ulivyokuwa ukiniandikia nilipokuwa bweni.

Niko kwenye duka lile lile la kutengeneza kompyuta, ghorofa ya pili, juu ya fundi saa. Sasa nina jambo. Kompyuta huja ndani ya makasha ya bati jeusi, yote sura moja. Sisi tunaozitengeneza mchana, jioni tunazitoa matumbo na kuyatia mahali pengine, kwa kujifurahisha tu. Mwenzangu mmoja ameitia yake ndani ya tanuri la mkate lililokufa. Mimi niliitia ya kwanza ndani ya sanduku la safari, mama akaniuliza inasafiri kwenda wapi. Novemba kuna maonyesho ya makasha ya namna hiyo, na langu nataka liwe la mbao, lenye meno yanayoumana pembeni kama masanduku yako, bila msumari hata mmoja. Simjui mtu mwingine anayeweza. Mchoro na vipimo vimo ndani ya bahasha. Si kazi ya haraka.

Mpwa wako

*

5 Februari

Bisibisi,

Marahaba. Barua imefika. Kalamu hii ni mbovu, ndiyo maana mwandiko unaonekana kama kuku kapita kwenye wino. Mkazamjomba wako anakusalimu. Anauliza lini utakuja kumtengenezea redio uliyoifungua ukiwa na miaka tisa.

Ni kweli niliteleza. Mkono wa kulia umeshikwa na ganzi kidogo, ni ubaridi wa sakafu tu. Kuna binti wa mazoezi anakuja kila Jumanne kutoka hospitali. Amenipa mpira mdogo wa kuminya, mimi mzee wa miaka sitini na mbili, nakaa barazani naminya mpira. Simu imeharibika, usihangaike kupiga.

Karakana nimeifunga. Muuza magodoro wa jirani anakitamani chumba kile tangu zamani, nami nimemwambia aje aione na meza ya kazi. Akiipenda aichukue, apange magodoro yake juu yake. Miaka thelathini na nne inatosha. Mtu ajue wakati wa kuweka randa chini.

Kwa hiyo sanduku lako mtafute mwingine. Na kompyuta kwenye mbao ya nini? Umeona wapi ng'ombe akivaa koti?

Meno ya pembeni umeyachora makubwa, ya mamba. Kwa mbao ya unene ule ni tisa, si matano. Nakueleza tu ujue, usije ukaharibiwa mbao na mtu.

Mjomba

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa mkazamjomba. Mwambie redio ile ilikuwa mbovu kabla sijaigusa, na ushahidi ninao. Huku joto limezidi, tunafanya kazi na madirisha wazi na fundi saa wa chini analalamika vumbi letu linamwingilia kwenye saa zake.

Nimefanya ulivyoniambia, nimemtafuta mwingine. Kuna fundi mtaa wa nyuma. Nilimwonyesha mchoro nikamtajia meno tisa, akacheka. Anasema atapiga misumari ya kichwa kidogo, kisha achanganye gundi na vumbi la mbao azibe, na nikipaka vanishi nyeusi hakuna atakayejua. Anaweza kuanza Jumatatu. Nimwambie aanze?

Mpwa wako

*

2 Mei

Bisibisi,

Wazima sisi. Goti la mama yako limepata nafuu, alikuja hapa akakaa siku mbili akaniamrisha kana kwamba ningali na miaka sita.

Huyo fundi wako asiruhusiwe kugusa hata mwiko wa ugali.

Mzigo unaopokea na barua hii ni sanduku lako. Limechelewa kwa sababu mvule ulikuwa haujakauka vizuri, si kwa sababu nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, mkazamjomba alinishikia mbao pale jiriwa iliposhindwa kuibana, na sasa anajiita fundi msaidizi mbele za watu. Muuza magodoro alikuja kuitazama meza akaikuta imejaa maranda, nikamwambia asubiri kidogo.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Meno tisa kila pembe. Ubavu wa kushoto unachomoka kwa kuteleza kwenye mfereji, ili uingize hayo matumbo yako. Ile miduara miwili uliyochora ubavuni nimeiacha, nilijua ni mapambo ya vijana, na sanduku lenye matundu ni banda la kuku. Nilitaka kukuachia njia ya waya, lakini nasikia siku hizi kila kitu hakina waya, nikasema nisikuharibie ubao bure. Nimelipima kwa unga kama marehemu baba alivyonifundisha: vijiko viwili ndani, unafunga, unatikisa juu ya kitambaa cheusi hadi mikono ichoke. Halikutoka hata vumbi la unga. Nilitikisa mwenyewe.

Weka kompyuta yako humo, uniletee picha ikiwa imewaka.

Mjomba

*

25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na kwamba mvua hazijaharibu paa la karakana. Mimi nina afya, nakula vizuri, nalala vizuri. Mwenye nyumba amepaka rangi ngazi. Fundi saa amepata mjukuu wa kiume na amegawa soda jengo zima. Mwenzangu wa tanuri la mkate ameanza kujifunza kuchomelea na ameunguza mkono wa shati lake.

Sanduku limefika salama. Ni zuri mno, Mjomba, kila anayeingia chumbani analipapasa kabla hajanisalimu. Linafanya kazi vizuri sana, na halipigi kelele hata kidogo. Picha ni hiyo.

Asante kwa kila kitu.

Mpwa wako

*

6 Juni

Bisibisi,

Sote wazima, na paa halivuji. Salamu zimekwisha.

Picha yako niliiweka dirishani. Siku ya kwanza nilifurahi, nikamwita hata muuza magodoro aje aone. Siku ya pili nikachukua ile miwani ya kukuza ninayosomea rula. Waya wa skrini unashuka nyuma ya meza, hauingii kwenye sanduku. Nikatafuta waya mwingine, haupo. Chini ya meza umetundika kitambaa, na pembeni ya kitambaa unachungulia mwanga wa bluu. Kompyuta yako iko sakafuni. Sanduku langu umeliweka mezani kama chombo cha maua.

Uliandika kwamba halipigi kelele. Sanduku tupu halijawahi kupiga kelele.

Nimeumia, nakuambia wazi. Si kwa sababu nimekosea kazi. Nimekosea kazi nyingi, kuna kabati nililitengeneza likawa kubwa kuliko mlango wa mteja, tukabomoa fremu mimi na yeye huku mkewe ananitukana. Nimeumia kwa sababu mteja akikosewa hugomba, na wewe umenisifu. Sifa za namna ile mtu huambiwa akiwa kitandani. Mkono ndio ulioshikwa, akili ipo. Mficha uchi hazai, nawe umenifichia uchi wangu mwenyewe.

Niambie ukweli wote. La sivyo, muuza magodoro aje na mkokoteni wake achukue meza.

Mjomba

*

15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kutanguliza leo, naona aibu.

Nilikudanganya. Niliitia kompyuta humo siku ile ile sanduku lilipofika. Nyaya nilizipitisha kwa kuacha ubavu wazi upana wa kidole. Ilifanya kazi dakika kumi na moja ikajizima. Mara ya pili dakika tisa. Kompyuta hutoa joto muda wote, na joto likikosa pa kwenda inajizima yenyewe isije ikaungua. Miduara miwili ilikuwa njia za hewa: feni moja inavuta, nyingine inatoa. Ningeandika maneno mawili tu pembeni ya mchoro ungejua. Sikuandika kwa sababu kwetu ni kama kuandika kwamba nyumba itakuwa na mlango. Kosa la kwanza ni langu, si lako.

Nilishika drili mara tatu nitoboe. Mara ya tatu nikaligeuza sanduku nitafute pa kuanzia, nikaona pembe ya nyuma, ile uliyoikata kwanza. Meno matatu yamekwenda upande, na patasi imeteleza ikaacha mstari. Pembe ya mwisho haina doa. Nilikaa chini nikalia, kisha nikaenda kununua kitambaa cha kutundika chini ya meza.

Na kwa kuwa umetaka ukweli wote: mama aliniambia tangu Novemba. Najua ni kiharusi, si kuteleza. Najua mwandiko wako ni wa mkono wa kushoto. Najua ulimi umekuwa mzito na hutaki tukusikie, na kwamba simu haina ubovu wowote. Niliagiza sanduku ili usiitoe meza. Nusu ilikuwa huruma, nusu ilikuwa tamaa, maana tangu utotoni natamani kitu chenye meno yako kiwe changu.

Gomba utakavyo. Ila meza usiitoe.

Mpwa wako

*

24 Juni

Bisibisi,

Sasa tumeongea. Mkazamjomba alinisomea barua yako mara mbili kwa sauti, mara ya pili hakuimaliza.

Mama yako ana mdomo kama geti la shule. Nimemwambia. Amenijibu kwamba angekuwa na mdomo mdogo mimi nisingekuwa na kazi ya kufanya tangu Februari.

Lile sanduku, nikiri, nimecheka. Nimejisifu kwa unga wiki nzima, nimeziba kila tundu, kumbe nimeiziba pumzi kompyuta yenyewe. Lakini usiguse ubavu. Chomoa ule wa kushoto, ufunge kwenye gazeti, unitumie. Niandikie idadi ya matundu na ukubwa wake tu. Usinichoree kitu, nimeshaona michoro yako.

Tundu la waya, nyuma, ni lako. Ndiyo, wewe. Chora kwa penseli, anza na keekee ndogo, toboa kutoka nje kwenda ndani, na nyuma yake bana ubao wa taka usije ukapasua. Ukiogopa kuliumiza kumbuka kwamba mwenyewe nilishaliumiza kabla yako.

Kuhusu simu, imeharibika.

Mjomba

*

12 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Huku salama. Mjukuu wa fundi saa anatambaa, na mimi nimehamia chumba chenye dirisha la pili.

Ubavu nilikutumia tangu mwanzo wa Julai, pamoja na karatasi: matundu mia moja sitini na nane, safu kumi na nne za matundu kumi na mawili, madogo ya kupitisha penseli. Hii ni wiki ya kumi. Mama anasema ubavu ulifika na kwamba hana ruhusa ya kusema zaidi, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema maishani mwake, na limenitia hofu. Kama mkono umechoka, niambie. Matundu mia moja sitini na nane kwa drili ni kazi ya saa moja, naweza kuyatoboa mwenyewe na sitasema neno.

La waya nimetoboa. Nilibana ubao wa taka kama ulivyosema. Halikupasuka.

Mpwa wako

*

15 Novemba

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkazamjomba. Nina mengi, lakini naanza na mzigo.

Ubavu ulifika tarehe ishirini na sita Oktoba, bila barua. Nikafungua gazeti nikaona safu ya juu. Nisamehe, nilishtuka. Tundu la kwanza na la pili hayatazamani, la tano keekee imeteleza ikakwaruza ubao, la tisa liko karibu kuangukia safu ya pili. Nikasema moyoni, amechoka, na nilimsukuma mimi. Kisha nikaugeuza. Nyuma, kwa penseli, pembeni ya kila safu kuna tarehe. 11 Julai. 18 Julai. 25 Julai. Kila Jumamosi safu moja, mpaka 10 Oktoba.

Nikaurudisha mbele nikausoma upya kutoka juu. Agosti matundu yanaanza kujua yanakokwenda. Septemba yamepanga mstari, moja au mawili tu ndiyo yamekaidi. Safu ya mwisho niliiwekea rula. Rula haikupata la kusema. Mama ameniambia yaliyobaki, maana ruhusa yake imekwisha: keekee ya mkono, ile ya zamani, ukizungusha kwa mkono wa kulia, na ule mpira mdogo amepewa mbwa wa muuza magodoro.

Kompyuta imo ndani sasa. Inafanya kazi siku nzima, na hewa inayotoka ni vuguvugu tu. Sikupiga msasa popote. Lile kwaruzo la tundu la tano lipo.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, meza ishirini na moja. Nimekuwa wa nne. Wa kwanza alikuwa na kasha la vioo lenye maji na samaki wa plastiki wanaoogelea. Lakini nikuambie la jaji mmoja, mama wa makamo, mhandisi. Aliinama kwenye ubavu wetu muda mrefu, akapitisha kidole kwenye safu za juu, akaniuliza kwa upole kama zile za juu nilizikosea nikakosa ubao mwingine. Nikamwambia hapana, hizo ni za Julai. Hakuelewa, kwa hiyo nikauchomoa ubavu nikamwonyesha nyuma. Akasoma tarehe zote kumi na nne kwa mpangilio. Akauliza, "Ni nani?" Nikasema ni mjomba wangu, fundi seremala. Akaurudisha mwenyewe kwenye mfereji, taratibu, akaenda meza nyingine, kisha nikamwona anarudi na majaji wenzake wawili.

Niandikie.

Mpwa wako

*

29 Novemba

Bisibisi,

Marahaba mbili, ya mkazamjomba ameomba niiandike mimi. Ukiona mwandiko umepanda mlima ukashuka bonde, usilaumu kalamu. Leo naandika kwa mkono wa kulia, na ukurasa huu mmoja umenichukua tangu asubuhi, na chai imepoa mara mbili.

Samaki wa plastiki. Halafu mnasema mimi ndiye mgonjwa.

Muuza magodoro nimemwambia chumba hakipo tena. Amenuna siku mbili, kisha akaja kuagiza kitanda. Meza iko pale pale dirishani. Kazi naifanya polepole, nusu siku, na ya kwanza kuisha itakuwa kisanduku cha redio ya mkazamjomba, ambacho kitakuwa na matundu. Haba na haba.

Uliniuliza kwenye barua ile ya Septemba kama mkono umechoka, nami sikukujibu. Safu ya kwanza nilipoimaliza niliutupa ubavu wako nyuma ya mlango, nikasema simtumii mtoto kitu kama kile. Jumamosi ya pili nikauokota, kwa sababu uliniambia ukweli na sikutaka niwe mimi wa kudanganya. Ningeweza kukata ubao mpya Oktoba nikatoboa safu zote zikanyooka. Mbao ilikuwepo. Nikaona bora uzione zote.

Simu imepona. Nipigie Jumapili baada ya saa nne asubuhi. Nitachelewa kidogo kutamka marahaba, kwa hiyo ukishasema shikamoo, usikate.

Mjomba